Bach kwenye Kinanda Kikuu cha Enzi ya Kiromantiki: Ulinganisho wa Njia Mbili za Kupiga

Mpiga kinanda cha filimbi (ogani) anayealikwa katika kanisa kuu la Paris, Berlin au Salisbury akiwa mkobani na fuga za mtunzi Mjerumani Bach, yaani vipande ambamo wimbo mmoja mfupi, uitwao mada, huingia kwa zamu katika sauti kadhaa, hukutana na tatizo lisilotatuliwa kwa mazoezi ya vidole peke yake. Nota alizobeba ziliandikwa kwa ajili ya vinanda vya nusu ya kwanza ya karne ya 18, ilhali kinanda kilicho mbele yake kiliundwa zaidi ya miaka 100 baadaye, katika enzi ya Kiromantiki, na mafundi ambao masikio yao yalikuwa yamezoea okestra kubwa. Hana budi kuchagua. Anaweza kukizuia kinanda hicho, akachukua rejista (safu za filimbi) chache tu na kukifanya kiseme kwa namna iliyo karibu na ile aliyoizoea Bach. Anaweza pia kukipokea kama kilivyo, pamoja na uzito wake na uwezo wake wa kuongeza na kupunguza sauti pole pole, kisha akaufasiri muziki wa Baroki, mtindo wa enzi ya Bach, kwa lugha ya chombo alichopewa. Ya kwanza nitaiita njia ya kiasi, na ya pili njia ya upana.

Njia zote mbili zina watetezi wenye elimu na masikio mazuri, kwa hiyo sioni faida ya kuutazama upande mmoja kama wa wajuzi na mwingine kama wa wapotofu. Msimamo wangu ni kwamba uamuzi usitokane na tarehe ya utunzi. Utokane na mambo matatu yanayopimika pale pale kanisani: ni sauti ngapi zinatembea kwa wakati mmoja katika kipande hicho, zinatembea kwa kasi gani, na mwangwi wa jengo unadumu kwa muda gani.

Kanisa la Mtakatifu Thomas mjini Leipzig, ambako Bach alitumikia kuanzia 1723 hadi alipofariki mwaka 1750, limeondokana na uchaguzi huu kwa kuwa na vinanda viwili. Upande wa magharibi kipo kinanda cha fundi Wilhelm Sauer cha mwaka 1889, ambacho kilipanuliwa mwaka 1908 hadi kufikia rejista 88. Upande wa kaskazini kipo kinanda cha Gerald Woehl cha mwaka 2000, chenye rejista 61, kilichojengwa makusudi kwa ajili ya muziki wa Bach. Makanisa mengi hayana uwezo huo, na mpigaji aliyealikwa hutumia kile alichokikuta.

Vyombo viwili, masikio mawili

Tulinganishe vinanda viwili vinavyofahamika sana. Cha kwanza ni kinanda kikubwa cha Gottfried Silbermann katika Kanisa Kuu la Freiberg, Saxony, kilichokamilika mwaka 1714, chenye kibodi tatu, pedali (kibodi ya miguu), na rejista 44 hivi. Rejista ni safu ya filimbi za aina moja, na mpigaji huifungua au kuifunga kwa kuvuta kifundo. Cha pili ni kinanda cha Aristide Cavaillé-Coll katika kanisa la Saint-Sulpice, Paris, kilichokamilika mwaka 1862, chenye kibodi tano na rejista 100.

Tofauti ya kwanza iko chini ya kidole. Katika kinanda cha Silbermann, ubonyezo wa kidole huvuta ufito mwembamba wa mbao, na ufito huo huvuta vali iliyo chini ya filimbi bila msaada wa kitu kingine. Mpigaji huihisi vali ikikataa kidogo kisha ikiachia, na kwa sababu hiyo anaweza kuianza nota kwa ukali au kwa upole, na kuimaliza vilevile. Kinanda cha Saint-Sulpice ni kikubwa mno kwa utaratibu huo, kwa sababu kidole kinachovuta vali za kibodi kadhaa zilizounganishwa pamoja kingechoka kabla ya ukurasa wa pili. Cavaillé-Coll alitumia mtambo wa Charles Barker, ambao alikuwa ameujaribu kwenye kinanda chake cha Saint-Denis mwaka 1841. Ndani ya mtambo huo kila kibonyezo kina mvukuto wake mdogo unaojazwa upepo na kufanya kazi ya kuvuta kwa niaba ya kidole. Mpigaji anapata wepesi, lakini mazungumzo kati ya ncha ya kidole na vali yanapotea. Katika vinanda vya Sauer vya mwisho wa karne ya 19, ambamo amri ya kidole husafirishwa kwa upepo ndani ya mirija, yanapotea kabisa.

Tofauti ya pili iko katika mizani ya sauti, nayo huamua mengi kuliko zote. Mikstura ya kinanda cha Baroki, yaani rejista ambayo kila nota yake hulia kwa filimbi ndogo kadhaa zenye sauti za juu, huzipa besi na teno mng'ao mwingi, na kadiri nota zinavyopanda filimbi zake hurudi chini hatua kwa hatua. Kwa hiyo mkono wa kushoto na miguu husikika kwa uwazi sawa na mkono wa kulia. Cavaillé-Coll alitaka kinyume chake: soprano ikue kadiri inavyopanda, kama violini za okestra zinavyotawala. Ndiyo maana alitengeneza filimbi za sauti za juu zenye urefu maradufu, ili zilie kwa nguvu zaidi. Kwa wimbo mmoja unaobebwa juu ya akodi, matokeo yake ni mazuri ajabu. Kwa fuga ya sauti nne, hasara yake ni kwamba alto inayobeba mada katikati ya msuko inafunikwa na soprano ambayo wakati huo haina la maana la kusema. Msomaji aliyewahi kutazama mkeka wa miyaa ya rangi atanielewa: chane moja ikiwa nene kuliko zote, ua lililokusudiwa halionekani.

Tofauti ya tatu ni mahali filimbi zilipo. Vinanda vingi vya kaskazini mwa Ujerumani vina kabati dogo la filimbi nyuma ya mgongo wa mpigaji, kwenye ukingo wa roshani, mbali na kabati kubwa lililo mbele yake. Tokata ya D maina ya Bach iitwayo ya Kidoria, BWV 538 (BWV ni namba ya orodha ya kazi zake), ina alama zinazoonyesha mikono ihame lini kutoka kibodi moja kwenda nyingine, na mhamo huo ni mazungumzo ya pande mbili zilizotengana: sauti ya karibu inauliza, ya mbali inajibu. Kwenye kinanda cha Kiromantiki, sehemu zote aghalabu zimo ndani ya mwili mmoja mkubwa, na mojawapo imefungiwa ndani ya sanduku lenye vibao vinavyofunguka na kufungwa kwa mguu, ili sauti iongezeke au ififie. Mazungumzo yale yanageuka kuwa mtu mmoja anayepandisha na kushusha sauti yake.

Lipo pia jambo la kulainisha ulinganisho huu, nalo husahaulika mara nyingi. Kinanda cha Saint-Sulpice hakikujengwa kutoka sifuri. Cavaillé-Coll alikuta kinanda cha François-Henri Clicquot cha mwaka 1781, akakihifadhi kabati lake, na akatumia tena sehemu kubwa ya filimbi zake. Kwa hiyo ndani ya kinanda hicho kinachosifiwa kama kilele cha Uromantiki wa Ufaransa kuna filimbi za karne ya 18 zinazoendelea kulia kila Jumapili. Kabla mpigaji hajahukumu kwamba kinanda alichopewa hakina chochote cha Baroki, na aulize kwanza historia ya kila rejista.

Mwangwi kwanza, rejista baadaye

Ndani ya Notre-Dame ya Paris sauti hudumu takriban sekunde sita baada ya kukatwa. Kanisa la Mtakatifu Thomas la wakati wa Bach lilikuwa na roshani za mbao na umati wa waumini, vitu vinavyomeza sauti haraka, na bila shaka mtunzi aliandika akijua sikio la pale linaweza kufuata nini. Ukiipeleka fuga ile ile chini ya dari ya mawe iliyo juu sana, umebadilisha kitu kikubwa kuliko rejista.

Ninashauri jaribio moja kabla ya mengine yote. Vuta Prinsipali (rejista ya msingi ya kinanda) ya futi 8 peke yake (futi ni urefu wa filimbi yake ndefu kuliko zote; kadiri namba ilivyo ndogo, sauti huwa ya juu), piga akodi ya D maina kwa mikono miwili, ishikilie kwa pumzi mbili, kisha achia ghafla na uhesabu sekunde mpaka usisikie kitu. Halafu ufanye hesabu ndogo. Ukiipiga fuga kwa mapigo 80 kwa dakika, kila pigo linachukua robo tatu ya sekunde. Mwangwi ukidumu sekunde sita, mabaki ya pigo la kwanza yangali hewani pigo la nane linapolia, yaani bari mbili nzima za mapigo manne zinakaa juu ya nyingine. Ni kweli kwamba mabaki hayo yanafifia haraka, lakini besi hufifia polepole kuliko sauti za juu, na kinanda cha Kiromantiki kina besi nyingi kuliko kitu chochote kingine.

Ukihesabu sekunde tatu au nne, uko huru kuchagua njia yoyote kati ya hizi mbili kwa sehemu kubwa ya kazi za Bach. Ukihesabu sita au zaidi, kipande chenyewe kinaanza kukuchagulia.

Njia ya kiasi

Anayefuata njia hii huunda ndani ya kinanda kikubwa kinanda kidogo. Anachukua rejista moja tu kwa kila kimo cha sauti: Prinsipali ya futi 8, ya futi 4, ya futi 2⅔, ya futi 2, na mikstura moja ikiwa inafaa. Hachanganyi filimbi tatu au nne za futi 8, ingawa hiyo ndiyo desturi ya kawaida ya chombo anachokalia, kwa sababu kila filimbi ya ziada ya kimo kile kile inaongeza unene bila kuongeza uwazi. Kwenye kibodi anaacha futi 16, na sanduku la vibao analifungua lote na kulisahau. Kwenye pedali anatafuta futi 16 nyembamba, anaipa futi 8 na futi 4 juu yake, na mara nyingi anaunganisha kibodi na pedali ili miguu ipate mng'ao ule ule wa mikono. Nota anazitenganisha kidogo, na kadiri mwangwi unavyokuwa mrefu anaongeza nafasi kati yake. Rejista anabadilisha pale tu ambapo mtunzi ameumaliza mlango mmoja na kufungua mwingine.

Faida yake ni heshima kwa msuko wa sauti. Msikilizaji aliyekaa katikati ya kanisa anaweza kufuata mada inapoingia kwenye teno, na hilo ndilo lengo la fuga.

Udhaifu wake nao ni wa kweli. Prinsipali ya Kiromantiki haikutengenezwa kusimama peke yake; ilitengenezwa iyeyukie ndani ya nyingine. Ukiitenga, mara nyingi inasikika hafifu na isiyo na tabia, kama mwimbaji wa sauti nene anayelazimishwa kunong'ona. Vilevile kuna makanisa ambamo rejista hizo tano haziwafikii watu waliokaa nyuma. Mpigaji anaishia kutoa Baroki ya kuigiza isiyo na nguvu ya chombo cha kale wala ya chombo kipya, na msikilizaji anaondoka akidhani kwamba Bach ni muziki mkavu. Ni heri kuiacha njia hii kuliko kuifuata nusunusu kwa kuogopa kukosolewa na wajuzi.

Njia ya upana

Hii si njia ya wasiojua. Mpiga kinanda Jacques-Nicolas Lemmens aliwafundisha huko Brussels vijana wawili wa Kifaransa, Charles-Marie Widor na Alexandre Guilmant, upigaji wa Bach uliojengwa juu ya nota zilizounganishwa kikamilifu, na wao wakaurithisha kwa Marcel Dupré. Mwaka 1920 Dupré alipiga kazi zote za Bach za kinanda kwa kumbukumbu, katika maonyesho 10, mjini Paris. Mfaransa wa mkondo huo akipiga fuga kwenye Cavaillé-Coll, aliunganisha kila kitu isipokuwa nota zinazojirudia, ambazo alizikata kwa kipimo maalumu ili zisishikamane. Mwendo wake ulikuwa mzito, na uzito huo ulikuwa jibu la busara kwa mwangwi.

Ujerumani nayo ilikuwa na Karl Straube, aliyekuwa mpiga kinanda wa Mtakatifu Thomas, Leipzig, tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1913 alichapisha toleo la preludi (vipande vya kufungulia) na fuga za Bach lililojaa alama za kuongeza na kupunguza sauti, kubadilisha kibodi na kufungua sanduku, kila kitu kikiwa kimepangwa kwa ajili ya kinanda cha Sauer. Hatua yake iliyofuata ina somo kubwa kwa anayechagua leo: alipotoa mkusanyo mwingine wa kazi za mabwana wa kale mwaka 1929, alikuwa amegeukia upande wa pili, kwa kuwa katika miaka ya 1920 vinanda vya kale kama kile cha Arp Schnitger cha mwaka 1693 katika kanisa la Mtakatifu Yakobo, Hamburg, vilikuwa vimeanza kusikilizwa upya. Mtu yule yule, katika kanisa la Bach mwenyewe, alizitumikia njia zote mbili kwa unyofu.

Watetezi wa njia ya upana wana ushahidi kutoka kwa Bach mwenyewe. Mwaka 1708, alipoliandikia kanisa la Mtakatifu Blasius huko Mühlhausen kuhusu matengenezo ya kinanda, aliomba rejista ya pedali ya futi 32 ili kinanda kipate uzito. Mwanafunzi wake Johann Friedrich Agricola ameacha maelezo kwamba Bach alizisifu sana filimbi za ulimi (zinazolia kwa ulimi mwembamba unaotetemeka) na ile Prinsipali ya futi 32 ya kanisa la Mtakatifu Katarina, Hamburg. Mtunzi huyu hakuogopa ukubwa. Anayedai kwamba Bach halisi ni Bach mwembamba na mwepesi hana budi kuueleza ushahidi huo.

Hata hivyo uzito aliousifu Bach ulisimama chini ya sauti za juu zilizo wazi, kama msingi wa nyumba unavyokaa chini ya kuta zinazoonekana. Futi 32 chini ya mikstura ing'aayo si sawa na futi 32 chini ya filimbi tano za futi 8 zilizochanganywa. Na kuhusu kuongeza sauti polepole mpaka mwisho wa fuga, nina pingamizi la moja kwa moja: ongezeko hilo Bach ameshaliandika ndani ya nota. Anaongeza sauti, anaifinya mada iingie kabla ya nyingine haijaisha, anaileta pedali baada ya ukimya mrefu. Mpigaji anayefungua sanduku juu ya hayo yote anasema jambo lile lile mara mbili, na la pili linalifunika la kwanza.

Albert Schweitzer, ambaye wengi barani Afrika wanamkumbuka kwa hospitali ya Lambaréné nchini Gabon, alikuwa kati ya watu wa kwanza kuitafuta njia ya katikati. Alikuwa mwanafunzi wa Widor, na mwaka 1906 alitoa kijitabu kilicholinganisha vinanda vya Ujerumani na vya Ufaransa, akilalamikia vile vya Ujerumani vilivyotengenezwa kwa mtindo wa kiwanda vikiwa na kelele nyingi na uwazi mdogo. Kwake yeye, Cavaillé-Coll hakuwa adui wa Bach hata kidogo. Alipokwenda Lambaréné mwaka 1913 alikuwa amepewa na Jumuiya ya Bach ya Paris piano yenye pedali iliyokingwa dhidi ya hali ya hewa ya tropiki, na juu yake aliendelea kujifunza fuga hizo usiku, mbali na mwangwi wa kanisa lolote. Naliheshimu sana jambo hilo, kwa sababu linaonyesha kwamba msuko wa sauti hukaa kwanza kichwani kabla ya kupewa filimbi.

Kipande kwa kipande

Pasakalia ya C maina, BWV 582, ndiyo inayogawanya watu zaidi. Mada yake ya bari 8 inaanza kwenye pedali peke yake, inafuatwa na mageuzi 20 (marudio ya mada kwa sura mpya), kisha inageuka kuwa fuga. Wafuasi wa njia ya upana huianza kwa sauti ndogo na kuipandisha geuzo baada ya geuzo mpaka kinanda kizima kiingie. Wafuasi wa njia ya kiasi hupiga yote kwa nguvu moja, au hubadilisha mara chache. Kwenye kinanda cha Kiromantiki chenye mwangwi mrefu mimi nachagua njia ya upana kwa mageuzi, kwa sababu mada inarudi kwa mwendo wa taratibu na sikio halipotei. Lakini fuga inapoanza narudi kwenye rejista zilizo wazi na siongezi kitu mpaka karibu na mwisho.

Preludi na Fuga ya E-flati meja, BWV 552, iliyochapishwa mwaka 1739, imeandikiwa kinanda kizima kwa agizo la Bach mwenyewe. Fahari yake inakipenda chombo kikubwa. Fuga yake ya sauti tano ina milango mitatu yenye mienendo tofauti, na hapo mabadiliko mawili ya rejista yanatosha. Hiki ni kati ya vipande vichache ambavyo sioni mgogoro kati ya njia hizi mbili. Vivyo hivyo kwa sehemu ya kati ya kipande cha G meja, BWV 572, ambamo sauti tano zinatembea polepole, zikifungana na kufunguana. Saint-Sulpice au Notre-Dame ni mahali pake pazuri kuliko makanisa mengi ya Saxony. Pedali yake inashuka hadi nota B iliyo chini ya C ya mwisho, nota ambayo hata vinanda vikubwa vya karne ya 19 havina.

Sonata za sauti tatu, BWV 525 hadi 530, ni kinyume chake. Mkono wa kulia, mkono wa kushoto na miguu ni waimbaji watatu wa hadhi sawa, na sehemu za haraka zinakwenda mbio. Chini ya dari yenye mwangwi wa sekunde sita hakuna njia inayoziokoa. Chagua sehemu ya polepole ya mojawapo, uipe filimbi laini mbili zinazotofautiana rangi, na uziache nyingine kwa siku ya kanisa dogo.

Korali fupi (vipande vilivyojengwa juu ya wimbo wa kanisa) kama BWV 639, yenye sauti tatu tu, au BWV 622 yenye wimbo uliopambwa, zinapata kwenye Cavaillé-Coll kitu ambacho Silbermann hakuwa nacho: filimbi zinazoimba kwa pumzi ndefu kama ya binadamu. Hapo njia ya upana inastahili kupokewa bila aibu, ila sanduku lisitembezwe kwa kila kishazi.

Buxtehude, mtunzi aliyetumikia Lübeck, Ujerumani, kuanzia 1668 hadi 1707, anavumilia mwangwi vizuri kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa preludi zake zimejaa vituo vya ghafla ambamo jengo linapewa nafasi ya kujibu. Kinachopotea ni upatanisho wa sauti. Vinanda vya wakati wake havikugawa hatua za oktavu sawasawa, na kwa hiyo kila ufunguo ulikuwa na ladha yake, mwingine mtulivu, mwingine mchungu. Kinanda cha Kiromantiki kinazigawa sawa, na uchungu ule hauwezi kurejeshwa kwa rejista yoyote.

Wafaransa wa kale, François Couperin aliyechapisha mwaka 1690 na Nicolas de Grigny aliyechapisha mwaka 1699, wanadai uangalifu wa pekee. Majina ya vipande vyao ni maagizo ya rejista: hiki cha kromoni (rejista ya ulimi), hiki cha tarumbeta ya besi, hiki cha tasi (rejista inayoongeza nota ya tatu ya skeli) kwenye sauti ya teno. Rejista hizo zikikosekana, kipande chenyewe hakipo. Saint-Sulpice, kwa urithi wake wa Clicquot, inaweza kuwahudumia kwa sehemu kubwa. Kinanda cha Sauer hakiwezi, na ningemshauri mpigaji asijaribu.

Uromantiki si mmoja

Anayechagua asidhani kwamba vinanda vyote vikubwa vya karne ya 19 vinafanana. Cavaillé-Coll aliweka filimbi za ulimi na mikstura kwenye masanduku ya upepo ya peke yake, yanayofunguliwa kwa kukanyaga, na hivyo sauti inaongezeka kwa ngazi zilizo wazi. Ngazi hizo zinaendana vizuri na milango ya fuga. Sauer, katika Kanisa Kuu la Berlin la mwaka 1905 lenye rejista 113 na filimbi 7,269, ametoa gurudumu la mguu linaloongeza rejista moja moja kutoka ile ndogo kabisa hadi kinanda kizima. Kwa mtunzi wa Kiromantiki Max Reger ni mtambo wa thamani kubwa. Kwa Bach ni kishawishi, na dawa yake ni kutoligusa. Henry Willis wa Uingereza, ambaye kinanda chake cha Salisbury ni cha mwaka 1877, aliweka tasi ndani ya mikstura zake na kuzipa filimbi za ulimi upepo wa shinikizo kubwa. Mikstura hiyo inang'aa lakini ina ukali wa ulimi ndani yake, kwa hiyo fuga ndefu inachosha sikio ikipigwa yote nayo. Hapo ni vema kuishia kwenye futi 2 na kuiacha mikstura kwa ukurasa wa mwisho.

Kwa wapigaji wengi wa Afrika Mashariki uchaguzi huu unakuja kwa sura nyingine, kupitia vinanda vya umeme na programu za kompyuta zilizorekodi filimbi moja moja za vinanda halisi. Hapo mtu anaweza kuhama kutoka kinanda cha Baroki hadi cha Kiromantiki kwa kubonyeza mara moja, na hata kuupunguza mwangwi. Ni shule nzuri sana ya masikio. Fuga moja ipigwe mara mbili, kwanza na mwangwi mfupi, kisha na mrefu, bila kubadilisha rejista, na mwanafunzi ataelewa kwa dakika kumi jambo lililonichukua mimi kurasa hizi zote kulieleza.

Aliyepata nafasi ya kukalia chombo halisi aombe saa moja ya ziada ya mazoezi na mtu wa pili. Mahali pa mpigaji ndipo pabaya kuliko pote pa kuamulia, kwa sababu anasikia filimbi zilizo karibu naye na hasikii kile kilichofika kwenye viti vya nyuma. Msaidizi apige bari 20 za fuga kwa njia ya kiasi, kisha zile zile kwa njia ya upana, na mpigaji ashuke mwenyewe mpaka katikati ya kanisa, asimame, na asifuate soprano. Afuate alto. Ile njia ambayo inamwezesha kuifuata alto hadi bari ya 20 ndiyo atakayoitumia kwa kipande hicho, katika jengo hilo, kwa siku hiyo.